Mwalimu Mbele ya Kura

Wasikilizaji wetu, na tukumbuke habari za Eliud Mathu, aliyepata kufundisha katika Alliance High School. Mwaka 1944 Gavana alimteua kuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, raia hawakuulizwa. Machi 1957 ndipo Waafrika walipopiga kura mara ya kwanza, kwa viti 8. Lakini elimu na mali ziliweza kumpa mtu mmoja kura 3, na Mkikuyu asiye na cheti cha uaminifu hakupata hata moja. Mathu akashindwa na Bernard Mate wa Meru, mwalimu mwenziwe. Nasi walimu twajifunza: mizani ikipotoka, mshindi na mshindwa hawajui uzito wao.