Trakta ndogo kwa kazi ya kuni na mashamba ya miti: mambo ya kujua mbele ya kununua

Katika vijiji vingi vya Masisi, Lubero, Kabare na Walungu, kuni zingali zinabebwa kwa mgongo, kamba ikiwa kwenye kipaji cha uso. Wanaobeba ni wamama na wasichana. Mahali njia inateremka vizuri, kuko chukudu, ambayo haikunywe mazutu wala esansi. Lakini siku hizi familia nyingi zimepanda miti yao wenyewe, hasa kalitusi, grevilea na akasia. Katika Kivu Kaskazini, mradi EcoMakala wa shirika WWF ulianza mwaka 2007 kusaidia wakulima kupanda miti ya makala, ili wakaaji wa Goma waache kutegemea miti ya Hifadhi ya Virunga. Miti ikikomaa, ulizo linakuja: tutaitosha namna gani kwenye kilima mpaka barabarani?

Hapo vikundi vinaanza kukusanya dola juu ya kununua trakta ndogo. Kuko wanaofaulu. Kwingine mashine inalala nyuma ya nyumba, mataire bila upepo, kuku wanataga mayai chini yake. Tofauti mara nyingi haiko kwenye bahati. Iko kwenye hesabu iliyofanywa mbele ya kununua.

Aina mbili za mashine

Ya kwanza ni ile ya magurudumu mawili, inayoitwa motokiltere. Dereva anatembea nyuma akishika mikono miwili ya chuma, ama anakaa kwenye remorki. Injini yake ya mazutu, yenye silinda moja, iko kwa kawaida na nguvu ya farasi 8 mpaka 15. Inapita kwenye njia nyembamba, na fundi wa kijiji anaweza kuifungua.

Ya pili ni trakta ndogo ya magurudumu manne, ya farasi 20 mpaka 35. Inavuta zaidi, dereva anakaa, na nyuma kuko chuma cha kuzunguka ambacho kinaendesha mashine zingine. Lakini bei yake iko juu sana, inakunywa zaidi, na inahitaji njia pana.

Kwa shamba la hektari moja ama mbili, motokiltere yenye remorki inatosha. Trakta ya magurudumu manne inaanza kuwa na maana wakati watu wengi wanaunganisha mashamba yao, na iko na kazi nyingine pia: kulima, kubeba mavuno, kubeba mchanga na matofali.

Hesabu mzigo kwanza

Kipimo cha kuni ni steri: fungu lililopangwa vizuri la mita 1 kwa mita 1 kwa mita 1. Ndani yake kuko nafasi kati ya mti na mti, kwa hiyo mti wenyewe ni kama theluthi mbili tu. Steri moja ya kalitusi mbichi inaweza kupita kilo 600. Ikikauka, inapungua mpaka kilo 400 ama 500 hivi. Maana yake: kila safari ya kuni mbichi, unalipa mazutu juu ya kubeba maji.

Basi kata, pasua, panga juu ya miti miwili ili zisiguse udongo, funika upande wa juu peke yake, acha upepo upite pembeni. Ngoja miezi kadhaa. Mashine ileile, kwa safari ileile, itabeba kuni nyingi zaidi, na muuzaji hatagombana na mnunuzi juu ya moshi.

Sasa fanya hesabu. Tuseme mwaka huu utavuna steri 60, na remorki inabeba steri moja kwa safari. Ni safari 60. Ukifanya safari 5 kwa siku, kazi inaisha kwa siku 12. Siku zingine 353 mashine itafanya nini? Kama hakuna jibu, usinunue. Kodi ya mwenzako, ama lipa chukudu. Chukudu inabeba kilo mia kadhaa, na kipande chake kikivunjika, seremala anakichonga siku ileile.

Pima mlima wako

Watu wengi wanaangalia injini na kusahau mlima. Twaa mti ulionyooka wa mita 2. Weka ncha moja kwenye udongo upande wa juu, nyoosha mti sawasawa (chupa yenye maji nusu, iliyolazwa juu yake, itakuonyesha kama umenyooka), kiisha pima kutoka ncha ya pili mpaka chini. Ukipata sentimeta 30, mteremko ni asilimia 15. Zaidi ya hapo, usiingize remorki yenye mzigo. Shusha miti kwa mikono mpaka kwenye njia, mashine iingoje hapo.

Tena, mashine ipande na iteremke kwa kunyooka. Kukata mlima kwa upande ndiyo namna ya kuipindua. Udongo mwekundu wa upande wa Walungu unateleza kama sabuni mvua ikinyesha, na mawe ya volkano karibu na Goma yanapasua mataire. Kwa hiyo katika Kivu kazi kubwa ya kubeba ifanywe wakati wa kiangazi, mwezi wa 6 mpaka wa 8.

Jambo lingine: mahali pa juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Goma iko karibu mita 1 500 juu ya bahari, na milima ya Lubero inapita 2 000. Mashine iliyoandikwa farasi 12, kule juu itakupa kama 10 tu. Usinunue ile inayotosha kidogo kidogo.

Mbele ya kutoa pesa

Uliza kwanza juu ya vipuri. Tembea kwenye maduka ya mji unaotegemea, Butembo, Goma, Bukavu ama Bunia, ukiwa na karatasi: mkaba, filtre, enjekteri, gaskiti, taire na shamba lake. Kama vitu hivi havipatikani pale, usisikilize maneno ya muuzaji. Barabara ikifungwa, kipande cha kutoka mbali kinaweza kukulaza msimu muzima. Mashine ya aina ambayo majirani wako nayo tayari ni bora kuliko ile nzuri iliyo peke yake katika kijiji.

Kama ni ya okazyo, fika asubuhi injini ikiwa baridi, uiguse kwa mkono, kiisha uiombe iwashwe. Muuzaji aliyeipasha moto mbele yako kufika anaficha kitu. Moshi mweusi kidogo wakati wa kuvuta si shida kubwa. Moshi wa bluu usioisha unaonyesha kwamba injini inakunywa mafuta yake. Enda na fundi wako, si fundi wa muuzaji.

Kuteremka na mzigo

Hapa ndipo watu wanafia, kwa hiyo soma polepole.

Motokiltere iko na vishikio viwili vidogo vya kupinda. Kwenye tambarare, ukifinya cha kushoto, gurudumu la kushoto linaachiliwa na mashine inapinda kushoto. Lakini kwenye mteremko, remorki inasukuma kutoka nyuma. Ukifinya cha kushoto, gurudumu la kushoto halizuiliwe tena na injini, linakimbia kuliko la kuume, na mashine inapinda kuume! Dereva asiyejua anafinya zaidi, na anaenda moja kwa moja kwenye shimo.

Sheria ni hii: ukiteremka, usiguse vishikio hivyo. Pinda kwa kusukuma mikono mikubwa. Chagua vitesi ya chini ukiwa bado juu, na usiibadilishe katikati. Usishike ambriyaji, usizime injini. Remorki lazima iwe na freni yake yenyewe, na uijaribu kila asubuhi bila mzigo. Hakuna mtoto wala mtu wa kuomba lifti juu ya kuni.

Kuvuta magogo kwa trakta ya magurudumu manne

Mnyororo ufungwe chini, kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini ya ekseli ya nyuma. Ukiufunga juu, na gogo likakwama kwenye kisiki, magurudumu ya mbele yatainuka na trakta itamlalia dereva. Inafanyika haraka kuliko mtu kuruka. Kwa hiyo nunua yenye chuma cha kumkinga dereva juu ya kichwa, na mkaba wa kiti ufungwe. Muuzaji akisema chuma hicho ni cha bure, mwambie kichwa chako si cha bure.

Tumia mnyororo, si kamba ya nailoni, sababu kamba ikikatika inarudi kama fimbo. Inua kidogo kichwa cha gogo ili kisichimbe udongo. Watu wasimame mbali, kuliko urefu wa mnyororo.

Ukiunganisha msumeno wa kuzunguka na injini kwa mkaba, funika mkaba na msumeno. Kikwembe, eshapu, na shati lisilofungwa vinavutwa mara moja. Zima injini mbele ya kutosha kipande kilichokwama, hata kama ni kidogo, hata kama unakimbilia soko.

Usiue shamba lako

Kalitusi inachipuka tena ikikatwa vizuri: kisiki kifupi cha sentimeta 10 hivi, kimeinama kidogo ili maji yatiririke, ganda lisipasuke. Kiisha unaacha machipukizi mawili ama matatu yenye nguvu. Lakini gurudumu likipanda juu ya kisiki, ganda linachubuka na chipukizi inakufa. Basi amua njia ya mashine mbele ya kukata, ipite palepale kila mara, na kuni ziletwe kwenye njia. Ukipanda upya, acha tangu mwanzo njia pana kila baada ya mistari kadhaa. Kwa nafasi ya mita 2 kwa 2, hektari moja inabeba miti 2 500. Kupoteza michache juu ya njia ni faida.

Pesa ya kikundi

Andikeni kwenye kaye moja: saa za kazi, litri za mazutu, mafuta ya injini, matengenezo, posho ya dereva. Motokiltere inakunywa kama litri 1 mpaka 2 kwa saa ya kazi. Bei ya kukodisha lazima itoshe hayo yote, na sehemu iwekwe pembeni juu ya taire na injini ya kesho. Dereva wawe wawili tu, wanaojulikana. Mashine inayoendeshwa na kila mtu haina mwenye kuiangalia mafuta. Na wamama wanaobeba kuni wawe ndani ya komite, sababu wao ndio wanajua njia ipi inachosha.

Mwisho, karatasi. Sheria ya misitu ya Kongo, namba 011/2002 ya tarehe 29 mwezi wa 8, 2002, inatambua kwamba miti iliyo katika shamba la mtu ni yake. Hata hivyo, kusafirisha kuni na makala kunaweza kuombwa karatasi na malipo. Pitia ofisi ya mazingira ya teritware mbele ya safari ya kwanza, na uombe risiti kwa kila malipo. Trakta haiwape ruhusa ya kuingia Virunga ama Kahuzi-Biega.

Kama hesabu zote zinakubali, nunueni, na anzeni na mzigo mdogo. Kama hazikubali, miti iliyosimama haiozi. Inaweza kungoja mwaka mwingine, na dola zenu pia.