Mtihani Ambao Mwalimu Alisahau Majibu

Mwaka 1939, Alexander d'Agapeyeff, mchoraji ramani mzaliwa wa Urusi aliyeishi Uingereza, alitoa kitabu kidogo kuhusu uandishi wa siri, Codes and Ciphers. Kilikuwa cha watu wa kawaida, si cha majasusi. Mwishoni akaacha fumbo la tarakimu 395, zimepangwa tano tano, akamwalika msomaji ajipime. Linaanza hivi: 75628 28591 62916.

Hadi leo hakuna aliyelifumbua.

Kinachoniuma ni kwamba linaonekana rahisi. Toa zile sufuri tatu za mwisho, ambazo ni za kujaza nafasi tu, unabaki na 392. Zigawe mbili mbili, unapata jozi 196. Kila jozi inaanza na 6, 7, 8, 9 au 0, na kuishia na 1 hadi 5. Hapo yeyote aliyewahi kucheza na mafumbo haya anapiga kelele: Polybius! Yule mwanahistoria Mgiriki aliyeeleza jinsi ya kupanga alfabeti kwenye mraba wa tano kwa tano, kila herufi ijulikane kwa namba mbili, ya mstari na ya safu. Halafu 196 ni 14 mara 14, mraba mwingine safi kabisa. Yaani mwenye nyumba amekuachia mlango wazi.

Sasa ingia uone. Kuna mahali jozi 75 inajirudia mara tatu mfululizo, na kwingine 63 vilevile. Kwa Kiingereza, herufi moja kufuatana mara tatu ni nadra, hata ukiunganisha maneno bila nafasi. Kwa hivyo wengi wanaamini kwamba baada ya kubadilisha herufi, jamaa aliuvuruga mpangilio pia, pengine kwa kuhamisha safu 14. Safu hizo unaweza kuzipanga kwa njia zaidi ya bilioni 87. Kwa penseli, sahau. Kompyuta nayo haitishwi na hesabu hiyo, lakini bado imetoka mikono mitupu.

Na mwandishi mwenyewe je? Inasimuliwa kwamba alipoulizwa baadaye, alikiri amesahau alivyolitengeneza. Katika matoleo yaliyofuata ya kitabu, fumbo halimo.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo mtihani usiosahihishwa naujua vizuri. Kusahau namsamehe. Kuliondoa kimyakimya, hapana bana. Sentensi moja tu ya kusema fumbo lina walakini ingewaokolea watu miaka mingi ya kukesha.

Dhana yangu ni kwamba alikosea mahali, akaruka herufi au akasoma safu vibaya, ndiyo maana hata njia sahihi haifiki. Tazama jozi 04, ambayo inakuja mara tu baada ya zile 63 tatu. Katika jozi zote 196, ndiyo pekee inayoanza na sufuri. Ni herufi adimu, au kalamu iliteleza? Nimeizungushia duara jekundu kwenye daftari. Wiki hii naijaribu kama 84.