Nescience: kutojua bila tusi

Mwaka niliomaliza darasa la saba, mdogo wangu alishikwa na homa. Mama alimpeleka zahanati siku ya tatu. Muuguzi akamwambia mbele ya foleni nzima, "Mama, huu ni ujinga." Mama hakujibu. Hakujua kwamba mtoto mwenye homa akianza kupumua kwa kasi vile hangojwi hata siku moja, nani angemwambia? (Mdogo wangu alipona. Sasa ana watoto wawili.)

Ndiyo maana nilipokutana na neno la Kiingereza nescience nilisimama hapo hapo. Hata wenye lugha yao wengi hawalitumii. Limetoka Kilatini: ne ni kikanushi, scire ni kujua, kitenzi kile kile kilichozaa science. Yaani kutojua, basi. Kiingereza kililipokea karne ya 17, lakini wasomi wa Ulaya walishalifanyia kazi zamani.

Karne ya 13, mtawa wa Italia Thomas Aquinas alilitenganisha na ignorantia. Nescientia kwake ni kukosa kujua tu, hakuna zaidi. Ignorantia ni kukosa ujuzi ambao kwa maumbile yako ungeweza kuupata. Kwa kipimo hicho, nakiri, mama anaangukia huku kwa pili, maana akili ya kujua alikuwa nayo. Ila Aquinas hakuishia hapo. Kuna mambo mtu anawajibika kuyajua, akizembea analo kosa. Lakini ambaye hata angejitahidi asingeweza kujua, huyo hana dhambi. Kwa hiyo kabla ya kumhukumu mtu inabidi uulize kwanza: alikuwa na njia ya kujua? Muuguzi wetu hakuuliza.

Neno hili lina ndugu anayechekesha. Kutoka nescius, asiyejua, Wafaransa wa zamani walipata nice, na Waingereza wakalichukua likiwa na maana ya mpumbavu. Likageuka taratibu, likawa mtu wa kuchagua-chagua, kisha kitu kizuri, kisha mtu mpole. Leo watu wanakuandikia nice chini ya picha yako na wewe unashukuru!

Letu halikubahatika hivyo. Kamusi za zamani za Kiswahili zinaeleza kwamba mjinga wa pwani alikuwa mgeni asiyejua mambo ya mji, hasa mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara. Alikuwa hajui kwa sababu ndiyo kwanza amefika, tena kwa nguvu. Baadaye Nyerere aliuweka ujinga pamoja na umaskini na maradhi kuwa maadui wa taifa. Adui pale ni hali, si mtu. Kwenye foleni ya zahanati tofauti hiyo haisikiki.

Juzi nilimsimulia mama yote haya kwenye simu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na yule anayejua halafu hakwambii, Wazungu wanamwitaje?"