Mgao wa Kijana

Nikifika kwenye orodha za posho za Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya mafarao, hutafuta kwanza vijana. Fundi kamili alipata magunia 4 ya ngano na 1½ ya shayiri kwa mwezi. Kijana anayejifunza kazi hakufikisha hata nusu. Nafasi hiyo bado iligombewa: baba mmoja aliorodhesha vitu alivyowapa wakubwa ili mwanawe apandishwe. (Kitu kidogo hakikuanza jana.)

Mwaka wa 29 wa Ramesses III, nafaka ilichelewa. Mafundi wakaacha kazi, wakaketi nyuma ya hekalu wakilia njaa. Ndio mgomo wa zamani kuliko yote tunayoijua kwa maandishi. Mimi nawawazia wale vijana: mgao wenyewe haba, nao haujaja.