Kuta za Mibirizi, Mahema ya Nyarushishi

Mwaka 1959, Watutsi wa Rwanda walipochomewa nyumba, wengi walikimbilia misheni, na kwa kawaida waliowafukuza hawakuvuka lango. Desturi hiyo ilikuwa na mizizi Cyangugu, Rusizi na Nyamasheke za leo, ambako Mapadre Weupe walifungua misheni ya Mibirizi mwaka 1903. Ndiyo maana Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, watu walijaa misheni za Mibirizi na Shangi na kanisa kuu la jimbo. Wapo wasemao imani ndiyo iliyowaponza: walingoja ulinzi wa Mungu, wakajikusanya wenyewe mbele ya mapanga. Hoja hiyo inawaonea wafu. Walionusurika utotoni mwaka 1959 sasa walikuwa wazazi. Walikwenda walikojua kwamba watu hupona. Zaire, Kongo ya leo, ilikuwa ng'ambo tu ya mto, lakini njiani kulikuwa na vizuizi. Kilichovunjika ni ahadi ya wanadamu ya kutovuka lango, na wengi wa walioivunja walikuwa wamebatizwa.

Shangi ilishambuliwa tarehe 29 Aprili, Mibirizi tarehe 30. Waliokuwa kanisa kuu walikuwa wamehamishiwa uwanja wa Kamarampaka tangu tarehe 15. Baadhi yao waliitwa kwa orodha, wakatolewa, wakauawa. Mwezi Mei waliobaki walipelekwa Nyarushishi, kilima kitupu: mahema, bila ukuta wala altare. Hapo, pasipo na utakatifu wowote wa jengo, ndipo maelfu walipopona. Kamanda wa jandarmeri ya Cyangugu, Innocent Bavugamenshi, aliweka askari aliowaamini, na Msalaba Mwekundu ukahudumia kambi. Wanajeshi wa Ufaransa walipofika tarehe 23 Juni, walikuta watu wapatao 8,000.

Aliyepona akisema Mungu ni mwaminifu, huulizwa: wa Shangi hawakusali? Swali ni zito, na Biblia hailikwepi. Yeremia aliwaonya waliodhani hekalu lenyewe litawakinga. Zaburi ya 91, kimbilio la wengi wakati wa hatari, katika Injili ya Mathayo inatajwa na Shetani, akimshawishi Yesu ajitupe chini. Vijana watatu wa kitabu cha Danieli walikataa sanamu hata kama wasingeokolewa. Imani ya namna hiyo haidai hati ya dhamana. Mwingine atasema basi sifa ni za Bavugamenshi, si za Mungu. Lakini Yeremia huyohuyo, alipozama katika tope la kisima, alitolewa na Ebedmeleki, mgeni Mkushi, kwa kamba na matambara ya kuweka kwapani ili kamba zisimchubue.