CV ya mkimbizi: nini kiachwe?

Oktoba 2013, vita vilipofika Kibumba, tulivuka mpaka tukaingia Bugeshi. Mama alikuwa amefunga mfuko wa nailoni ndani ya kitenge: diploma yangu ya ualimu na kitambulisho cha zamani cha babu. Godoro tuliliacha, sufuria tuliziacha. Karatasi, hapana.

Leo niko kambini Mugombwa na naandika CV, ndiyo naelewa kwa nini. Watu wetu wamehukumiwa kwa karatasi tangu zamani.

Babu alikuwa kati ya Wanyarwanda waliopelekwa na Wabelgiji kuishi na kulima Masisi. Uhamisho huo ulianza 1937 ukaisha 1955. Baadaye sheria zikaanza kuuliza mwaka. Ile ya Zaire ya 1972 ilisema aliyekuwa Kivu kabla ya Januari 1, 1950 ni raia. Ile ya 1981 ikageuza: sasa onyesha kwamba kabila la wazee wako lilikuwepo nchini Agosti 1, 1885. Babu yule yule, shamba lile lile, uraia ukaondoka. Ile ya 2004 ikaleta tarehe nyingine, Juni 30, 1960.

Huku Rwanda, mstari wenye sumu ulikuwa wa kabila. Wabelgiji waliuingiza kwenye vitambulisho miaka ya 1930. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliuawa kwenye vizuizi vya barabarani kwa sababu ya mstari huo. Baadaye ukafutwa. Kumbe kuacha kitu nje ya karatasi si lazima kiwe uongo. Saa nyingine ndiyo haki yenyewe.

Basi, CV yangu ya kwanza, kwa mtindo wa kwetu Kongo, ilianza na jina la baba, la mama, kijiji cha asili, kabila, ndoa, idadi ya watoto. Nikafuta vyote. Anayetafuta mwalimu wa hesabu hatafuti ukoo wangu.

Lakini nilipitiliza, nikafuta na kambi. Niliona haya. Niliandika diploma, shule niliyofundisha Kibumba, halafu kimya. Kwenye usaili wakaniuliza: "Mwalimu, tangu 2013 ulikuwa wapi?" Nikababaika. Kazi sikupata. Labda nisingeipata hata hivyo, lakini nilitoka pale nikijua nimejifanyia mwenyewe kile ambacho sheria ya 1981 ilimfanyia babu: miaka niliyoishi nimeifuta.

Sasa miaka hiyo imo. Nimefundisha watoto jioni kwa posho ndogo. Nimewatafsiria wageni Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa. Nimetunza daftari la wanafunzi. Hizo ni kazi, hata kama hazikuwa na mkataba.

Ndugu zangu, acheni kisichohusu kazi. Kazi yenyewe msiiache. Na tarehe msizibadilishe hata kidogo. Zifanane na kitambulisho chenu cha mkimbizi, maana karatasi mbili zikipingana, anayeumia ni wewe.

Na nyinyi wa mashirika mnaosoma CV zetu: mkikuta "mwalimu, kambini", msihesabu hiyo miaka kama pengo. Tuulizeni tulifanya nini. Tutajibu.