Theodore Roosevelt: safari ya Ukambani na picha zake

Theodore Roosevelt (27 Oktoba 1858 – 6 Januari 1919) alikuwa rais wa 26 wa Marekani, kuanzia 1901 hadi 1909. Jina lake limo katika historia ya Machakos kwa sababu ya safari ya uwindaji aliyoianza wiki chache tu baada ya kutoka madarakani.

Alitua Mombasa tarehe 21 Aprili 1909 akiwa na mwanawe Kermit na wataalamu watatu wa viumbe waliokuwa wakikusanya kwa niaba ya taasisi ya Smithsonian. Treni iliwashusha Kapiti. Walifikia shambani kwa Sir Alfred Pease huko Kitanga, kwenye vilima vya Machakos, na ni upande huo Roosevelt alikoua simba wake wa kwanza. Kutoka hapo alihamia Juja kwa William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri ambaye baadaye alizikwa Ol Donyo Sabuk, mlima ambao Wakamba huuita Kyanzavi. Msafara ulipita Naivasha, Mlima Kenya na Uganda, ukafika Khartoum Machi 1910. Baba na mwana walikuwa wameua wanyama 512: baba 296, mwana 216.

Mizigo yote ya msafara, mahema, chumvi ya kuhifadhia ngozi, hata vitabu vya bwana mkubwa, ilibebwa na wapagazi zaidi ya 200. Katika kitabu chake cha 1910, African Game Trails, Roosevelt anawataja kwa majina wabeba bunduki kama Juma Yohari na Kassitura, na anawasifu. Wapagazi wa kawaida wengi wamebaki kundi tu.

Sinema zilizotokana na safari hiyo zina kisa chake. Mwingereza Cherry Kearton alimpiga Roosevelt picha za kweli hapa Kenya, zikaonyeshwa mwaka 1910. Watazamaji hawakuchangamka: simba akiuawa na rais hakuonekana. Kabla ya hapo William Selig wa Chicago, bila kuvuka bahari, alikuwa amenunua simba mzee, akamvika mwigizaji umbo la Roosevelt, akawaweka Wamarekani weusi wa mjini mwake mahali pa wapagazi, na simba akapigwa risasi studioni. Filamu hiyo ya uongo, Hunting Big Game in Africa, ndiyo iliyojaza kumbi. Selig alikuwa mwerevu kiasi cha kutomtaja Roosevelt kwa jina.

Kwao Roosevelt husifiwa kama mlinzi wa mazingira: ardhi ya umma aliyoihifadhi inakadiriwa kufika ekari milioni 230. Alipata pia Tuzo ya Nobel ya Amani ya 1906, kwa kupatanisha Urusi na Japani. Sifa hizo hazigongani sana na wanyama 512 kwa mtu wa zama zake, maana mwindaji tajiri ndiye aliyejiona mlinzi. Mkamba aliyewinda kwa upinde alihesabiwa jangili. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na Kapiti leo ni ranchi ya utafiti wa mifugo ambako wanyamapori bado hupita.

Mbele ya jumba la makumbusho la viumbe la New York, sanamu yake ya 1940 ilimwonyesha juu ya farasi, Mwafrika na Mwenyeji wa asili wa Marekani wakitembea kwa miguu kando yake. Iliondolewa Januari 2022.